Laisamis hadi Loiyangalani: kompyuta na intaneti katika shule za Warendile, Wasamburu na Waelmolo

Kumbukumbu hizi zimetoka kwenye daftari la gari na picha za simu, zikapangwa baada ya kurudi nyumbani. Safari, ya kupeleka kompyuta shuleni kaskazini mwa Kenya, ilikuwa ya Februari, na mwezi huo haukuchaguliwa ovyo: shule huwa zimeshatulia katika muhula wa kwanza, na masika bado. Mvua zikianza, laga, yaani makorongo makavu yanayokatiza barabara magharibi mwa Laisamis, hushuka maji ghafla, na gari lililobeba betri na kompyuta si la kujaribia kina.

Shule zilikuwa tatu, zote za msingi: moja ya Warendile, moja ya Wasamburu, moja ya Waelmolo kando ya Ziwa Turkana. Majina yake tumeyaacha. Kila moja ilihitaji mpango wake, lakini utaratibu wa kazi ulikuwa mmoja, na anayepanga safari kama hii aushike kabla hajanunua hata soketi: umeme kwanza, kisha maktaba inayofanya kazi bila mtandao, na intaneti ije mwisho. Shule isiyo na umeme wa kutegemewa haina intaneti, hata iwe na dishi juu ya paa.

Jumamosi. Nairobi hadi Isiolo

Lami mwanzo mwisho, kupitia Karatina, Nanyuki na Timau. Hakuna cha kusimulia.

Vifaa vilinunuliwa Luthuli Avenue kabla ya kuondoka. Seti ya shule moja ilikuwa hivi: paneli mbili za wati 200 kwa KSh 13,000 kila moja, betri ya lithiamu aina ya LiFePO4, volti 24, ampea-saa 100, kwa KSh 78,000, kidhibiti chaji cha MPPT (aina inayovuna nguvu zaidi kwenye paneli) cha ampea 20 kwa KSh 12,000, inverta (kigeuzi cha umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya wati 1,000 ya wimbi safi kwa KSh 14,500. Laptopu zilikuwa za mtumba, za inchi 11 na RAM ya GB 4, kwa KSh 17,000 moja, kumi na mbili kwa kila shule. Epukeni inverta za bei nafuu zisizo za wimbi safi. Chaja nyingi za laptopu hupata moto zikiwekwa juu yake, na baadhi huungua baada ya wiki chache.

Hesabu iliyotupa ukubwa huo ni rahisi, na mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kuirudia ubaoni. Laptopu 12, kila moja wati 15, saa tatu kwa siku: wati-saa 540. Seva ndogo ya Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, wati 5 kwa saa 10: 50. Ruta, wati 6 kwa saa 10: 60. Dishi la setilaiti, tukilikadiria wati 75, kwa saa tatu: 225. Jumla ni 875. Inverta na chaja hula sehemu yao, kwa hiyo gawanya kwa 0.85 upate kama wati-saa 1,030 kwa siku. Kaskazini jua ni kali, ila tumia saa tano tu za jua kamili na utoe asilimia 30 ya vumbi, joto na nyaya. Utahitaji paneli za wati 295 hivi. Tuliweka 400 kwa sababu paneli hazipanguswi kila siku. Betri hiyo, iitwayo ya volti 24, hasa ni ya volti 25.6, na kwa ampea-saa 100 ina wati-saa 2,560. Ukitumia asilimia 80 tu, shule ina karibu siku mbili bila jua.

Kwa wanaofuata: toeni pesa taslimu Isiolo na mjaze tangi hapo. Mbele ya hapo mawakala wa M-Pesa wapo, ila mara nyingi hawana fedha za kutosha kumpa mtu mmoja zaidi ya elfu chache. Kwenda na kurudi Loiyangalani kutoka Isiolo ni zaidi ya kilomita 800. Land Cruiser yenye mzigo ilikwenda kama kilomita 6 kwa lita moja ya dizeli. Loiyangalani mafuta huuzwa kwa mitungi, tena kwa bei ya juu.

Jumapili. Isiolo hadi Laisamis

Barabara kuu ya Moyale ni lami nzuri. Inavuka Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, inapita chini ya mlima Ololokwe, kisha Merille na soko lake la mifugo. Chakula cha mchana Merille: wali na mbuzi, KSh 350, na chai ya maziwa ya ngamia. Chumba Laisamis, KSh 1,000, choo nje, ndoo ya maji imejumuishwa.

Jioni hiyo tulikwenda kwa chifu na kupiga simu kwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule na mzee mmoja wa kijiji. Hatua hii isirukwe. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 56, inataka jamii ndogo na zilizotengwa zishirikishwe na zipewe nafasi maalum katika elimu. Tukishuka kwenye jambo lenyewe, maana yake ni kwamba wazee na wazazi waulizwe kabla ya kamba ya kwanza kufungwa: kompyuta zitatumiwa na nani, saa ngapi, watoto wataona nini, na ufunguo utakaa kwa nani. Chifu pia ndiye ajuaye hali ya usalama njiani. Alituambia tusipite sehemu moja baada ya saa kumi jioni, nasi tukatii.

Jumatatu na Jumanne. Shule ya Warendile

Kutoka Laisamis kuelekea magharibi unaingia barabara iliyokarabatiwa na mradi wa Lake Turkana Wind Power, kilomita 208 hadi Sarima, ili kupitisha mitambo ya upepo. Ni changarawe ngumu yenye mawimbi madogo yanayotingisha kila skrubu. Laptopu zilisafiri zikiwa zimesimama wima ndani ya kreti, katikati ya magodoro, skrini zikitazamana, na betri iliwekwa sakafuni mwa gari. Kila kituo ulikuwa wakati wa kukaza kamba.

Shule hii haina mawimbi ya simu kabisa. Ili upige simu unapanda kilima kilicho mwendo wa nusu saa. Hapa intaneti haikuwa sehemu ya mpango, na tulilisema mapema ili mtu asisubiri kisichokuja.

Kabatini tulikuta tableti za mpango wa serikali wa ujuzi wa dijitali, ulioanza 2016 kwa darasa la kwanza. Zilikuwa nzima, hazina mkwaruzo, na zote zimezima. Sababu ni ile ile inayokutwa kwingine: betri ya sola ya shule, ya asidi na risasi, ilikufa kwa joto. Betri ya aina hiyo hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na chumba cha mabati adhuhuri hupita nyuzi 40 bila shida. Tableti zikakosa chaji, betri zao zikashuka chini ya kiwango ambacho kifaa chenyewe kinakubali kuanza kuchaji.

Tableti ya namna hiyo isitupwe upesi. Iunganishe kwenye chaja ya volti 5, ampea 2, uiache nusu saa bila kugusa kitufe. Nyingine huhitaji saa mbili au tatu ndipo ionyeshe alama ya betri. Ikivimba mgongoni au ikipata joto jingi, itenge nje ya darasa mara moja, juu ya mchanga, na isichajiwe tena. Nyingi ya tulizozijaribu ziliamka, na walimu wawili ndio walioendelea na zoezi usiku tulipokwenda kulala.

Kufunga paneli kulichukua asubuhi. Paneli mbili ziliunganishwa mfululizo ili volti ifike 36 hadi 40, kwa kuwa MPPT ya mfumo wa volti 24 inahitaji volti ya juu kuliko betri kwa angalau tano. Waya wa milimita za mraba 6 kwa mita 10: upotevu ni kama asilimia 1.6. Waya wa 2.5, ambao mafundi wengi huupenda kwa bei, ungepoteza karibu asilimia 4 na kupata joto zaidi. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, si upande wa pili wa ukuta. Betri yenyewe ilikaa sakafuni, kwenye kona isiyopigwa na jua, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu chini na juu ili hewa ipite. LiFePO4 haipendi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45.

Mchana wa Jumanne ulikuwa wa seva. Raspberry Pi 4 yenye programu ya Kolibri hutengeneza mtandao wake wa waifai. Mtoto anaunganisha tableti au laptopu, anafungua kivinjari na kukuta masomo, video na maswali bila kutumia bando hata kidogo. Ndani yake tuliweka masomo ya Khan Academy ya Kiswahili na hadithi za African Storybook, na pembeni, kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiswahili. Mambo mawili huua seva za namna hii. La kwanza ni kadi ndogo ya SD: umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, mafaili huharibika na seva haiwaki tena. Tumieni diski ya SSD ya USB. La pili ni saa. Raspberry Pi 4 haina saa yake ya ndani. Ikizimwa mahali pasipo na intaneti, huamka ikidhani ni tarehe ya zamani, na rekodi za maendeleo ya wanafunzi zinachanganyika. Kipande cha saa cha DS3231, cha shilingi mia chache, kinamaliza tatizo hilo.

Masomo mapya yatafika kwa diski ya USB. Mwalimu mmoja huenda Laisamis mwisho wa mwezi kwa shughuli zake. Atapakua hapo na kurudi nayo. Kolibri inakubali kuingiza masomo kutoka kwenye diski bila mtandao.

Jumatano. Ngurunit, Ilaut, South Horr

Tairi lilichanwa na jiwe kabla ya Ilaut. Vijana watatu waliokuwa wakichunga ngamia waliacha kundi chini ya mgunga, wakatafuta mawe bapa ya kuzuia jeki isizame mchangani, wakashika spana. Walipomaliza walikataa pesa, wakaomba maji tu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na punda alitufungulia kibuyu kilichofukizwa moshi, chenye maziwa ya ngamia yaliyoganda, na akasubiri hadi kila mtu anywe.

Bebeni tairi mbili za akiba na pampu ya betri ya gari. Kwenye mawe haya shusheni presha kidogo, msiiongeze. Na maji yasiwe chini ya lita 20 juu ya yale ya kunywa ya safari yenyewe, kwa sababu mtakutana na mtu mwenye kiu.

South Horr iko kwenye bonde lenye miti mikubwa kati ya mlima Nyiro, unaopita mita 2,700, na Ol Doinyo Mara. Fundi wa pikipiki sokoni alituuzia boliti za M8 zenye nati za kujifunga kwa bei ya kawaida, akaongeza waya wa kufungia bure baada ya kusikia zinakwenda shuleni.

Alhamisi. Shule ya Wasamburu

Bonde linalopendeza macho lina gharama yake kwa sola: jua linachelewa kutoka nyuma ya mlima na linawahi kuzama. Paneli zilizotosha kwa Warendile hapa hazingetosha, kwa hiyo iliongezwa ya tatu, iliyokuwa imebebwa kwa hali kama hiyo. Ikiunganishwa mfululizo na nyingine, volti hupanda. Hakikisheni kiwango cha juu cha kidhibiti chaji hakipitwi, mkikumbuka kwamba volti ya paneli huwa ya juu zaidi asubuhi, zikiwa baridi. Kisha wati 600 kwa betri ya volti 25.6 ni kama ampea 23, nayo inazidi 20 ya kidhibiti. MPPT nzuri hukata ziada bila kuungua, na katika bonde hili kilele hicho hudumu muda mfupi tu. Mahali pa jua refu, nunueni cha ampea 30.

Mawimbi ya simu yapo South Horr, lakini darasa lina ukuta wa mawe na miti mbele. Ndani ya chumba, ruta ya 4G ilisoma RSRP (kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambapo namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora) ya -113, ambayo ni dhaifu kiasi kwamba ukurasa mmoja unachukua dakika. Antena ya nje ikiwa kwenye bomba la mita 6, ikielekezwa polepole, nyuzi chache kwa wakati huku mtu mwingine akisoma namba, ilifikia -97. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya darasa lifungue barua pepe. Kebo ya antena iwe fupi, mita 5 au chini, kwa kuwa kebo nyembamba ndefu hula yote mliyoyapata juu ya bomba. Afadhali ruta ipande karibu na antena na kebo ndefu iwe ya mtandao.

Bajeti ya bando ni KSh 3,000 kwa mwezi, na bodi ya shule itaitoa kwenye mauzo ya mbuzi wa shamba la shule. Ili itoshe, lazima milango ifungwe. Laptopu zote zina mfumo endeshi wa bure wa Linux Mint, masasisho ya kujiendesha yamezimwa, na ruta inaruhusu video kwa kompyuta ya mwalimu peke yake. Laptopu 12 zenye mfumo unaojisasisha zenyewe zinaweza kumaliza bando la mwezi katika siku mbili kabla mtoto hajafungua chochote.

Hitilafu iliyotuchukua muda kwenye laptopu za mtumba ilikuwa ndogo kuliko shilingi: betri ya CR2032, ile ya duara inayotunza saa ya kompyuta. Ikifa, kompyuta ikizimwa husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kinaona vyeti vya usalama vya tovuti kama vile havijaanza kutumika, kinakataa kufungua, na mwalimu anadhani intaneti imekatika. Nusu ya mashine zilikuwa hivyo. Badilisheni betri hizo zote Nairobi, kwenye meza yenye taa, si darasani. Na tazameni kibodi. Mitumba mingi hutoka Ulaya, na nyingine zina mpangilio wa Kijerumani, ambapo Y na Z zimebadilishana nafasi na alama ya barua pepe iko kwenye Q. Wekeni mpangilio mmoja katika mashine zote na mbandike stika.

Mchana walimu walianza wao kabla ya wanafunzi. Kuwasha, kuzima kwa utaratibu, kuunda darasa ndani ya Kolibri, kusahau nywila na kuirudisha. Akaunti za watoto zimepewa majina ya utani waliyoyachagua wenyewe, si majina kamili, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto.

Kisha darasa la sita, watatu kwa mashine. Mmoja anashika kipanya na kibodi, wa pili anasoma maelekezo kwa sauti, wa tatu anatazama na kusahihisha. Kila dakika kumi wanahama. Bila utaratibu huo anayejua kidogo hushika kipanya hadi kengele. Mwalimu alifafanua kwa Kisamburu, maandishi yakabaki ya Kiswahili. Msichana mmoja alitaka kuandika jina la mto Ewaso Ng'iro. Alipata N, akapata G, kisha kidole kikabaki hewani. Alizunguka kibodi safu kwa safu, akagusa mkato, akafuta, akagusa nukta pacha, akafuta, mpaka akaikuta alama yenyewe kando ya kitufe kikubwa cha kulia. Aliwaonyesha wa mashine ya jirani bila kusema neno, kwa kuinyooshea kidole tu, na ndani ya dakika moja safu nzima ilikuwa inaandika majina yenye ng'.

Ijumaa. South Horr hadi Loiyangalani

Baada ya Kurungu miti inakwisha. Sarima kuna mitambo ya upepo 365, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla. Watu huuliza kwa nini shule iliyo karibu nayo inahitaji paneli. Umeme huo unapandishwa hadi kilovolti 400 na kusafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Kuushusha tena kwa ajili ya kijiji kimoja kunahitaji kituo chenye transfoma za gharama kubwa. Inaumiza kusimama chini ya nyaya hizo ukiwa umebeba paneli ya wati 200, na watoto wa hapa wanastahili jibu bora kuliko hilo. Kwa leo, paneli ndiyo inayofanya kazi.

Mteremko wa kwenda ziwani ni mawe meusi ya volkano, mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Loiyangalani kuna chemchemi, mikoma na upepo. Banda la kulala lilikuwa KSh 1,500. Samaki wa kukaanga na ugali, KSh 400.

Jumamosi hadi Jumatatu. Ufukweni

Waelmolo ni jamii ndogo ya wavuvi, na vijiji vyao viko kaskazini mwa Loiyangalani. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni, kijiji cha Komote kilikatika na bara kikawa kisiwa, na watu wake sasa huvuka kwa mashua. Mzee wa Layeni, kijiji kingine, alitaka kujua kwanza kama mitambo itakuwa juu ya alama ya maji. Alitupeleka mwenyewe akatuonyesha maji yalipofika, kisha mahali ambapo yeye asingejenga. Nguzo ilikwenda alipochagua yeye.

Njia mbili za intaneti zilipimwa. Ya kwanza ni kiungo cha redio cha gigahezi 5 kutoka Loiyangalani, ambako 4G ipo, umbali wa kama kilomita 10. Kuonana kwa macho hakutoshi: katikati ya njia, mawimbi yanahitaji nafasi tupu yenye nusu-kipenyo cha karibu mita 12, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 7, iwe safi. Ongeza mita moja na nusu ya mpindo wa dunia. Nguzo mbili za mita 9, moja kila upande, zingetosha kwenye ardhi tambarare, lakini hapa njia inapita juu ya maji, mawimbi yanaakisiwa, na ziwa likipanda au kushuka kiungo kinabadilika. Ya pili ni dishi la setilaiti za chini, zilizo kama kilomita 550 juu, huduma inayouzwa Kenya tangu 2023. Ucheleweshaji wake ni mdogo sana ukilinganisha na setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786, ambazo mazungumzo ya video juu yake ni mateso. Bodi ilichagua dishi, kwa saa tatu kwa siku, likizimwa kwa swichi yake yenyewe ukutani ili lisile betri usiku.

Upepo ndio uliotawala kazi yote. Huvuma kutoka kusini-mashariki, na usiku hadi asubuhi ndipo unapozidi. Ribiti na skrubu za mabati hulegea kwa mtikisiko. Tumieni boliti zinazopenya hadi kwenye boriti, nati za kujifunga, na washa pana. Paneli ziliwekwa kwenye fremu ya chuma karibu na ardhi, mwinamo wa nyuzi 10 tu: unatosha kuteremsha vumbi na haugeuki tanga. Bomba la dishi lilikuwa la mabati, nene, likazikwa sentimita 80 katika zege na kuvutwa kwa nyaya tatu. Kebo inayopigapiga bomba hukatika ndani huku nje ikionekana nzima, kwa hiyo ilifungwa kila sentimita 20. Maji ya ziwa ni ya magadi, na vumbi lake hula shaba. Kila kiungio kilipakwa vaselini kikazungushiwa mpira wa tyubu. Zege liliachwa likomae tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi chini ya magunia mabichi. Msilipandishie dishi siku hiyo hiyo.

Mikoma ilikuwa suala jingine. Dishi linahitaji anga pana, na mti mmoja upande mmoja hukata mawasiliano sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa. Programu ya simu inaonyesha vizuizi kabla ya kuchimba. Itumieni, kwa kuwa mikoma ya watu haikatwi: ndiyo mikeka na mapaa yao.

Jumatatu kulikuwa na somo. Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu, ina Kiswahili na inafanya kazi bila mtandao. Wanafunzi wa madarasa ya juu walitengeneza samaki anayekimbia mashua. Baada ya hapo walimu na wazee wawili walizungumza juu ya kurekodi. Kielmolo kimebaki katika maneno na nyimbo za wachache, na watoto wengi leo huzungumza Kisamburu. Wazee walikubali sauti zao zirekodiwe kwa tableti kwa masharti yao: mafaili yakae kwenye seva ya shule, yasipandishwe mtandaoni, na mwenye sauti aweze kuamuru ifutwe. Folda hiyo tuliitenga na akaunti za nje na kuifungia kwa nywila waliyoichagua wao.

Kurudi

Siku mbili hadi Isiolo kwa njia ile ile, vumbi na chai. Tulipitia shule ya Wasamburu: bomba limesimama, ruta inasoma -98, na mwalimu alikuwa ameshabadilisha nywila ya waifai baada ya kuona simu za wapita njia zimejaa kwenye orodha.

Katika kila shule yalibaki sanduku la vipuri na karatasi ya hatua iliyogongomewa ukutani. Sandukuni: fyuzi kumi, betri za CR2032, chaja mbili za laptopu, SSD ya pili yenye nakala kamili ya seva, kebo ya mtandao ya mita 20 na kipimo cha volti. Walimu wawili kila shule, si mmoja, wamefanya zoezi la kubadilisha fyuzi na kuwasha seva kwa SSD ya pili bila kusaidiwa, maana walimu huhamishwa. Volti ya betri inaandikwa daftarini kila asubuhi kabla ya jua kupanda. Ikishuka chini ya 25.6 asubuhi mbili mfululizo, dishi, palipo nalo, linazimwa kwanza, kisha paneli zinapanguswa, kisha ndipo fundi anapigiwa simu. Safari ijayo, anayekwenda upande huo abebe CR2032 zaidi na stika za kibodi. Shule jirani na Kurungu imeshauliza.